Zernez: kijiji cha mlimani kinachopangisha pori lake

Alasiri ya mwisho wa Septemba, pale Alp Trupchun, ndani ya hifadhi ya taifa ya Uswisi, watu wamekaa kwenye majani makavu, darubini zimewaganda machoni. Wanaoongea wananong'ona. Ng'ambo ya bonde dume la kulungu mwekundu, lenye pembe za matawi, limeinua shingo na kunguruma mpaka mwangwi unarudi. Limezungukwa na majike, na dume jingine linashuka taratibu kutoka juu kuja kumjaribu. Mwenye kamera kubwa angependa asogee hatua kumi tu mbele, auondoe ule mti unaomziba.

Hasogei. Mbele yake kuna nguzo ndogo ya njano, na ruhusa yake inaishia hapo.

Ni nguzo tu. Hakuna uzio wala waya, na askari wa hifadhi yuko mmoja, naye anamwelekeza mtoto jinsi ya kulenga darubini.

Nguzo hiyo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Sisi tuliokulia karibu na mbuga tunaijua sheria ya kubaki kwenye njia, na tunajua inavyovunjwa: magari ishirini yamemzingira duma mmoja Maasai Mara, kila dereva anatafuta bahashishi yake. Huku Uswisi watu wako kwa miguu, hawana kiongozi, hawajalipa kiingilio, na bado wanatii. Kusema Waswisi wanapenda sheria ni jibu la uvivu. Jibu lenye nyama liko bondeni, kwenye kijiji ambacho wageni wengi hukipita wakikimbilia St. Moritz.

Mwenye nyumba

Zernez iko mita 1,474 juu ya usawa wa bahari, pale mto Spöl unapojimwaga ndani ya Inn, katika bonde la Engadin, jimbo la Graubünden. Nyuma yake kuna hifadhi pekee ya taifa katika nchi nzima ya Uswisi, kilomita za mraba 170, kongwe kuliko zote katika milima ya Alpi.

Mwaka 1909 kundi la wanasayansi, Paul Sarasin wa Basel akiwa mstari wa mbele, lilikuwa linatafuta bonde moja la kuliacha lijiendee lenyewe: lisikatwe mti, lisichungwe, lisiwindwe. Walilipata Val Cluozza, juu ya Zernez. Hawakulinunua wala kulitwaa. Walikwenda kwa kijiji, wakaomba kupanga, wakapewa mkataba wa miaka 25. Kodi ilitoka wapi? Waliunda chama cha kuhifadhi asili na kuwataka wanachama wachange faranga moja kwa mwaka. Baadaye serikali ya Shirikisho ikaubeba mzigo huo, na hifadhi ikafunguliwa tarehe 1 Agosti 1914, siku ileile Ujerumani ilipotangaza vita dhidi ya Urusi.

Mpaka leo ardhi hiyo ni ya vijiji: Zernez, S-chanf, Scuol na Val Müstair. Serikali inalipa kodi kila mwaka kama mpangaji mwingine yeyote.

Na mwenye nyumba anaweza kukataa. Mwaka 2000 maziwa ya Macun yaliongezwa kwenye hifadhi kwa ridhaa ya kijiji cha Lavin. Mwaka huohuo ulipoletwa mpango wa kuipanua zaidi, wananchi wa Zernez walipiga kura, wakasema hapana. Mpango ukafa. Hakuna aliyewapelekea askari.

Wasomaji wanaofuatilia Ngorongoro na Loliondo watakuwa wameshaanza kulinganisha. Twende polepole. Val Cluozza haikuwa na kaya za kudumu za kuhamishwa, na mabonde ya jirani yalikuwa yamekamuliwa karne kadhaa: chuma kiliyeyushwa Il Fuorn, na misitu ilikatwa, magogo yakaelea na mto mpaka kwenye viwanda vya chumvi vya Hall, Austria. Bonde lililokwisha kuchumwa ni rahisi kulipangisha. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya kijiji kinachopokea kodi na kijiji kinachopokea amri, na tofauti hiyo utaiona kwenye sura ya mhudumu anayekuuliza umeona nini leo.

Kufika bila kupotea Sagliains

Kutoka Zürich, panda treni mpaka Landquart, kisha uhamie treni nyekundu za Rhätische Bahn kupitia Klosters. Baada ya Klosters unaingia handaki la Vereina, kilomita 19, lililofunguliwa mwaka 1999. Safari nzima ni kama saa mbili na nusu.

Kosa la kawaida hutokea ukitoka tu handakini. Kituo cha Sagliains kimejengwa kwa ajili ya kubadilisha treni na kupakia magari. Hakina barabara ya abiria kutoka nje. Hapo njia zinagawanyika: moja inashuka Scuol, nyingine inapanda Susch, Zernez, S-chanf mpaka St. Moritz. Soma kibao cha behewa ulilokaa, si kibao cha jukwaani peke yake. Ukijikuta unaelekea Scuol hujaharibikiwa, shuka kituo kinachofuata urudi, ila utakuwa umekula saa nzima ya mchana wako.

Wenye gari hupakia gari lenyewe kwenye treni pale Selfranga, Klosters. Barabara ya Flüela hufungwa majira ya baridi. Ile ya Ofenpass, inayotoka Zernez na kuikata hifadhi mpaka Val Müstair, huwa wazi mwaka mzima.

Ukishafika, gari halina kazi kubwa. Basi la njano la posta linapanda Ofenpass, kwa kawaida kila saa, na maegesho ya njiani yamepewa namba, P1 mpaka P10, namba zilezile zinazotumika kwenye ramani za njia. Kariri namba ya pa kushukia na namba ya pa kupandia. Mara nyingi si moja. Kisha andika saa ya basi la mwisho kwenye karatasi, kwa sababu mabondeni mtandao wa simu hukatika.

Mji usiojipamba

Ukitegemea kijiji cha kadi ya posta, Zernez itakukatisha tamaa kwa dakika kumi za kwanza. Septemba 1872 moto uliteketeza sehemu kubwa ya nyumba zake, na zilizojengwa upya zilijengwa kwa tahadhari, zimeachana, hazina mbwembwe. Wanaotaka kuta nene zilizochorwa mapambo kwa kukwangua chokaa hupanda treni mpaka Guarda au Ardez. Guarda kumbuka kwamba kituo kiko chini na kijiji kiko juu: subiri basi dogo, au panda kilima kwa miguu nusu saa na ushei.

Jengo linalobishaniwa Zernez ni kituo cha wageni cha hifadhi, kazi ya msanifu Valerio Olgiati, kilichofunguliwa mwaka 2008: masanduku mawili ya zege jeupe yaliyogusana kwenye kona. Wapo wanaoliona kama ghala la saruji. Mimi naliona limekaa sawa, labda kwa sababu halijaribu kujifanya nyumba ya mchungaji. Ingia humo kabla ya kupanda popote. Maonyesho yana kiingilio, lakini kubwa zaidi ni kaunta: hapo wanajua njia ipi bado ina theluji, daraja lipi limesombwa, na kulungu wameonekana wapi asubuhi.

Watu wa hapa huzungumza Kiromanshi, na Kijerumani wanakijua wote. Salamu ni «Allegra». Mnapopishana njiani mtu akikusalimu na wewe ukanyamaza, utaonekana kama ungeonekana Lushoto ukimpita mzee bila shikamoo.

Chakula kinahitaji maneno machache ya tahadhari. Supu ya shayiri ya Graubünden ni tamu na inashibisha, lakini mara nyingi imepikwa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Capuns, yaani unga uliofungwa kwenye majani yanayofanana na mchicha mpana, nazo hutiwa vipande vya nyama au soseji kavu. Asiyekula nguruwe aulize kila mara, hata kama menyu imeandika mboga. Bündnerfleisch ni ng'ombe, aliyekaushwa kwa hewa na kukatwa vipande vyembamba kama karatasi. Soseji za salsiz huchanganywa nyama, kwa hiyo uliza pia. Keki ya karanga za wolnati na sukari iliyounguzwa inauzwa kila mkate unapouzwa: kipande kimoja mfukoni kinatosha kumvusha mtu mlima, na hakiharibiki kwa siku kadhaa.

Jumapili usitegemee duka. Jikoni za mikahawa hufungwa mapema kuliko tulivyozoea. Anayeshuka mlimani saa tatu usiku akiwa na njaa atalala na biskuti. Maji ya mabomba na ya chemchemi za kijijini yananyweka, jaza chupa hapo.

Urefu si tatizo, saa ndiyo tatizo

Msomaji aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huangalia namba za huku na kucheka. Usiku wa kwanza tu, pale Mandara, alilala mita 2,720. Kilele cha juu kabisa cha hifadhi hii, Piz Pisoc, ni mita 3,173, chini ya Horombo. Zernez yenyewe iko chini kuliko Nairobi. Kichwa hakitakuuma kwa ukosefu wa hewa.

Kinachowaangusha watu ni mambo mengine.

La kwanza ni vibao. Vibao vya njano vya njia za Uswisi haviandiki kilomita, vinaandika muda. Muda huo umekokotolewa kwa mwendo wa kilomita 4.2 kwa saa kwenye tambarare, ukarekebishwa kwa mpando na mteremko, bila dakika hata moja ya kupumzika, kula, kupiga picha wala kuangalia mnyama. Kibao kikisema saa tatu na nusu, mtu wa kawaida mwenye darubini ahesabu tano. Hapo ndipo basi la mwisho linapomwacha.

La pili ni kwamba huwezi kukatiza. Kwenye mlima wa kawaida ukichelewa unatafuta njia ya mkato au unashuka kwa kufuata kijito. Humu kutoka nje ya njia ni kosa la faini, na njia zenyewe mara nyingi zina milango miwili tu, pa kuingilia na pa kutokea. Ukifika katikati umechoka, mbele na nyuma ni sawa. Amua kugeuka mapema, katika theluthi ya kwanza.

La tatu ni mbingu. Julai na Agosti mawingu ya radi hujikusanya mchana. Anayetoka saa moja asubuhi huwa ameshavuka sehemu ya juu kabla ya saa nane mchana. Anayetoka saa nne huwa mgongoni mwa mlima radi inapoanza. Chukua koti la mvua la kweli, sweta moja hata kama jua linachoma, kofia, viatu vyenye soli ngumu iliyochongoka, na fimbo mbili kwa ajili ya magoti wakati wa kushuka. Maji yasipungue lita moja na nusu, zaidi kwenye njia za miamba ya dolomiti, maana jiwe hilo limejaa nyufa na maji yote huzama. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hifadhi haina maziwa, ilhali Macun, ambako mwamba ni wa aina nyingine isiyopitisha maji, kuna maziwa 23.

Dharura piga 1414, waokoaji wa helikopta, au 112.

Njia ya kuanzia: Margunet

Kama una siku moja tu, nenda Margunet. Shuka basi P7, tembea kupitia Val dal Botsch, vuka kwenye kilele cha njia, mita 2,328, kisha ushuke Val Stabelchod mpaka P8. Kutembea kwenyewe ni kama saa tatu, tatu na nusu ukianzia na kuishia hoteli ya Il Fuorn. Alama ni mistari ya rangi nyeupe, nyekundu na nyeupe, maana yake njia ya mlimani: nyembamba, ina mawe, haihitaji kamba.

Mwanzo unapita msitu wa misonobari mifupi ya milimani, ile iliyoota baada ya misitu mikubwa kukatwa. Angalia chini: miti iliyokufa imelala ilipoangukia, mingine imeoza ikawa kama sifongo, na juu ya mgongo wake imeota michipukizi midogo kwa mstari. Hakuna anayeiondoa. Mti ukianguka juu ya njia ndipo hukatwa kipande cha kupitia, basi.

Kelele kali kama ya mlango usiotiwa mafuta itakuwa ya ndege wa jamii ya kunguru, mwenye manyoya ya kahawia yenye madoa meupe. Ndiye nembo ya hifadhi. Vuli hukusanya mbegu za msonobari wa arola, hujaza mfuko wa chini ya ulimi, akazifukia chache chache ardhini kwa maelfu. Majira ya baridi huzichimbua chini ya theluji, na anapaona. Chache anazozisahau ndizo zinazoota. Ukiona miche minne mitano ya arola imebanana kwenye ufa wa mwamba, hapo ni stoo yake aliyoisahau.

Ukifika juu, kaa. Sehemu ya kupumzikia imewekewa nguzo zake za njano. Humu Stabelchod ndimo walimoachiliwa vifaranga 26 wa tai mwenye ndevu kati ya 1991 na 2007, yule mla mifupa anayepatikana pia nyanda za juu za Ethiopia. Katika Alpi alikuwa ameuawa mpaka wa mwisho, watu wakiamini anaiba wanakondoo. Mbawa zake zinakaribia mita tatu kutoka ncha hadi ncha na mkia una umbo la kabari; kwa hiyo usitafute rangi, tafuta mkia.

Kosa la Margunet ni kuharakisha mteremko. Changarawe za dolomiti huviringika chini ya kiatu. Fupisha hatua, na uziache fimbo zitangulie.

Nyingine, kwa ufupi zaidi

Val Trupchun ndiyo ya kulungu. Anzia kituo cha treni cha S-chanf, panda taratibu mpaka Alp Trupchun, mita 2,040. Ni njia laini kuliko zote, hata watoto wanaiweza, tatizo lake ni umati wa wikiendi za mwisho wa Septemba. Nenda Jumanne. Darubini ya mara 8 au 10 inatosha, na viti bora ni vya alfajiri na vya jioni. Ukitaka jioni, beba taa ya kichwani ya kurudia.

Cluozza ni ya kulala. Ndani ya hifadhi nzima kuna sehemu mbili tu za kulala: hoteli ya Il Fuorn, iliyo barabarani, na Chamanna Cluozza, kibanda cha mbao cha mwaka 1910 kilicho mita 1,882. Kutoka Zernez ni kama saa tatu. Usidanganywe na tofauti ya mita 400, kwa sababu njia hupanda kupita kimo cha kibanda, kisha hushuka bondeni. Weka nafasi mapema, chukua shuka la mfuko na fedha taslimu, na kama kuna chakula usichokula kiseme siku ya kuweka nafasi: chakula cha jioni ni sufuria moja kwa wote. Kesho yake panda Murter, mita 2,545, ushuke mpaka mto Spöl pale Praspöl. Watu hudhani wamemaliza. Bado kuna mpando wa mwisho kurudi barabarani Vallun Chafuol, P3, na ndio unaowatoa jasho, kwa kuwa hawakuuweka kwenye hesabu.

Macun ni siku ndefu, ya wenye mapafu na magoti. Isiwe njia yako ya kwanza.

Makatazo, na kwa nini yanafanya kazi

Orodha ni ndefu: usitoke njiani, usichume ua wala uyoga, usiokote pembe wala jiwe, usiwashe moto, usipige hema, usioge mtoni, usilete baiskeli wala droni, usilete mbwa hata akiwa na kamba. Na majira ya baridi usiingie kabisa.

Nilipoanza kuisoma niliiona kama orodha ya shule ya bweni. Lakini iangalie kwa macho ya mnyama. Shamwa, yule jamaa ya mbuzi mwenye pembe za ndoano, hawezi kujua mtu gani ni mwema. Anachoweza kujifunza ni mstari. Miaka zaidi ya mia moja watu wamepita kwenye mstari uleule, hawajautoka, hawajapiga risasi. Basi mita mia moja kutoka njiani anaendelea kula. Mtu mmoja akitoka hatua thelathini kufuata picha, mstari umevunjika, na kundi lote linapanda juu saa hiyohiyo. Aliyekaa nyuma ya nguzo anaona zaidi ya aliyeivuka.

Mbwa huacha harufu ya mwindaji hata akiwa mpole. Majira ya baridi mnyama anaishi kwa mafuta aliyojiwekea. Kila anapokurupuka kwenye theluji anatumia akiba ambayo hataipata tena mpaka majani yaote.

Kwa hiyo utii wa wale watu wa Trupchun una faida ya papo kwa papo. Hilo ndilo linalokosekana Mara: pale dereva anayevunja sheria ndiye anayempatia mteja picha, na anayeitii anarudi kambini na wateja wamenuna.

Pori la namna gani?

Hapa ndipo nimesumbuka zaidi, kwa sababu kadiri unavyoijua hifadhi hii ndivyo neno pori linavyokuwa gumu.

Chukua mto Spöl. Juu yake, mpakani na Italia, kuna ukuta wa bwawa la Punt dal Gall, mita 130, uliojengwa baada ya Waswisi kuupitisha mkataba wake kwa kura mwaka 1958. Maji ya mto ndani ya hifadhi hutoka kwa kipimo cha vali. Miaka ikapita, mto ukatulia mno, mchanga ukajaa, mwani ukaota. Tangu 2000 wanafungulia mafuriko ya makusudi ili mto ujisafishe. Machi 2013 hitilafu bwawani ilikausha sehemu ya mto na kumwaga tope, samaki wakafa kwa maelfu. Miaka mitatu baadaye, wakati wa ukarabati wa ukuta, sumu za PCB zikaingia majini. Yote hayo katika bonde ambalo mgeni haruhusiwi kuchuma ua.

Chukua na kulungu. Hawakuwepo bondeni hifadhi ilipokuwa inabuniwa. Walirudi wenyewe miaka ileile ya mwanzo, wakaongezeka mpaka wakawa mzigo kwa mashamba na misitu ya jirani. Ndani hawaguswi. Septemba msimu wa uwindaji wa Graubünden unapofunguliwa, wengi wamo upande ambao risasi hazifiki, na tamasha la Trupchun sehemu yake ni hilo. Theluji ikianguka hushuka kwenye miteremko yenye jua nje ya mpaka, na huko kuna msimu wa nyongeza unaowasubiri. Mbuzi-mwitu wa Alpi nao waliachiliwa hapa mwaka 1920, wajukuu wa vitoto vilivyoibwa kimagendo kutoka kwa mfalme wa Italia. Dubu wa mwisho wa Uswisi aliuawa Val Mingèr mwaka 1904. Mwaka 2005 mwingine akaja kwa miguu yake kutoka Italia.

Chukua na Alp Stabelchod, yale malisho ya kijani unayoyaona ukishuka Margunet. Ng'ombe waliondolewa mwaka 1914. Waanzilishi waliamini msitu ungerudi kufunika malisho. Mtaalamu wa mimea Josias Braun-Blanquet alianza mwaka 1917 kuweka vipande vya kudumu vya kupimia, na vimeendelea kupimwa. Msitu umerudi kwa kusuasua. Mahali ng'ombe walipolala na kurutubisha, kulungu wanakula majani mpaka yanakuwa mafupi kama zulia, na kila mche wa msonobari unaojitokeza unang'atwa. Walichokitabiri hakikutokea, na hakuna aliyeruhusiwa kukisaidia kitokee.

Hilo la mwisho ndilo lililonibadilisha mawazo. Nilikuwa nakaribia kusema kwamba hifadhi ni jukwaa lililopangwa vizuri, lenye bomba la maji nyuma ya pazia. Barabara inaikata katikati, na Jumamosi ya kiangazi pikipiki za Ofenpass husikika mpaka mbali. Lakini kukaa zaidi ya miaka mia moja unaangalia jambo linakwenda kinyume na ulivyotaka, na usinyooshe mkono, hiyo ni nidhamu ambayo sijaiona kwingi. Katika hifadhi nyingi, kwetu na kwao, mtu angeshapanda miti.

Uende lini

Njia za chini hufunguka kati ya mwisho wa Mei na Juni, za juu kama Murter mara nyingi mpaka Juni iishe au Julai ianze. Kaunta ya kituo cha wageni ndiyo yenye neno la mwisho. Juni na Julai ni maua na marmoti, wale wanyama wa jamii ya panya waishio mashimoni, wakipiga miluzi. Agosti ni joto, radi na likizo za shule. Mwisho wa Septemba ni kulungu. Katikati ya Oktoba misonobari ya lachi hugeuka dhahabu kabla ya kupukutisha sindano zake, marmoti wameshaingia mashimoni, hewa ni safi na vitanda vinapatikana. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo wiki ya kwenda, mradi ukubali kwamba saa moja jioni giza linaingia na Cluozza huenda imeshafungwa.

Novemba usiende. Hoteli nyingi hufunga kupumzika kabla ya msimu wa theluji, hifadhi inaelekea kufungwa, na bonde linabaki la wenyewe. Hali ni hiyohiyo kati ya Pasaka na mwisho wa Mei.

Kwa siku tatu, panga hivi: siku ya kufika, kaunta ya kituo cha wageni na matembezi ya kijijini, ya pili Margunet, ya tatu Trupchun, ukipandia treni ya kuondokea pale S-chanf na mizigo ukiwa umeiacha kwenye makabati ya stesheni au hotelini Zernez, uichukue ukipita. Ukiwa na siku ya nne, iongeze katikati, ulale Cluozza. Mvua ikishika, usilazimishe kilele: njia za mabondeni kwenye msitu hupitika, na wanyama hutoka kuanika migongo yao dakika chache baada ya jua kurudi.